Roketi Isiyozimika

Ndugu msikilizaji, wiki hii nazungumzia roketi. Najua hapa Magole mtu anayepalilia mahindi yake atauliza zinamhusu nini. Avumilie kidogo.

Jiko la mafuta ya taa lina utambi. Moto ukizidi, unaushusha. Roketi inayotumia mafuta ya majimaji nayo inaweza kufungiwa mafuta, injini ikanyamaza. Lakini zipo roketi za mafuta magumu, yaani mchanganyiko ulioganda kama mpira ndani ya gamba. Hizi ni ndugu wa fataki. Unaweza kuzielekeza kwa kugeuza mdomo unaotoa moto, ila kuzizima huwezi mpaka mafuta yaishe.

Wala si mambo ya Marekani peke yake. Kati ya mwaka 1967 na 1988, Waitaliano walirusha roketi za Scout kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Moja ilipaa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Uhuru wa Kenya, na satelaiti yake ikaitwa Uhuru. Scout ilikuwa na hatua nne, zote za mafuta magumu. Ndiyo maana bahari ilifaa: waongozaji walikaa kwenye jukwaa jingine, Santa Rita, na roketi ikaelekezwa mashariki ili mabaki yaangukie Bahari ya Hindi. Kuwa karibu na Ikweta nako kulisaidia, lakini mimi naona busara kubwa ilikuwa kuwaweka watu mbali.

Sasa tazama yaliyotokea Florida tarehe 28 Januari 1986. Chombo cha Challenger kilisukumwa na roketi mbili za namna hiyo. Usiku uliotangulia, wahandisi wa kampuni iliyozitengeneza walionya kwamba baridi itaifanya migumu mipira ya kuziba maungio. Wakubwa wao wakaamua safari iendelee. Moto ulipenya kwenye ungio, na sekunde ya 73 chombo kikasambaratika. Watu saba walikufa. Roketi zile mbili zikachomoka na kuendelea kuruka bila mwongozo. Ilimlazimu ofisa usalama kutuma amri kwa redio, baruti iliyofungwa ubavuni ikapasua magamba, nguvu ikaisha. Breki yenyewe ndiyo hiyo: kuivunja roketi. Waliokuwa ndani haikuwasaidia kitu.

Kwa hiyo usalama wa roketi hizi huamuliwa kabla ya kuwasha, na swali langu ni nani mwenye mamlaka ya kusema hapana. Mhandisi aliyeijua mipira ile hakuwa nayo. Likizuka wazo la kurusha tena roketi kutoka pwani yetu, swali hilo liulizwe kabla ya hotuba za sherehe.

Na asiyerusha naye yumo. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha meta 2.5 na uzito wa kilo zipatazo 500 ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya. Shirika la Anga la Kenya lilisema ni kipande cha roketi, na kwamba kwa kawaida vitu hivyo hutengenezwa viungue angani au viangukie pasipo na watu, kama baharini. Mukuku ni kijiji cha watu, na bahari iko mbali.