Nani Abebe Hasara? Mzigo wa Muuzaji Mdogo wa Mtandaoni Juba



Mwaka 2025 soko la mtandaoni la eBay nchini Uingereza lilianza kuwalazimisha wauzaji binafsi kutuma bidhaa nyingi kwa huduma liliyoichagua lenyewe. Lebo ilitoka sokoni humo, mzigo ulifuatiliwa njia nzima, na fedha za muuzaji zilishikiliwa mpaka mnunuzi apokee. Sharti hilo lina mantiki. Ila limejengwa juu ya nyumba zenye anwani na posta inayofika mlangoni. Hata Tanzania, ambayo haijakosa posta, ililazimika mwaka 2022 kuendesha operesheni ya anwani za makazi nchi nzima.

Wapo wanaotaka sharti kama hilo hapa Juba, Sudan Kusini, na hofu yao ya utapeli naielewa. Lakini tuitazame kwanza biashara yenyewe. Mama wa mtaa wa Gudele anaweka picha za vitenge Facebook, mteja wa mtaa wa Munuki anampigia simu, kijana wa bodaboda anapewa mfuko na kuelekezwa: ukifika msikitini, piga. Mteja anafungua mfuko, anakagua rangi, anapima kitambaa kwa mkono, ndipo anatoa fedha. Ukaguzi ule mlangoni ndio mahakama pekee aliyonayo. Tukimlazimisha alipe kwanza na asubiri kifurushi kilichofungwa na kampuni, tumemnyang'anya haki yake kwa jina la kumlinda.

Udhaifu uko kwingine. Kijana yule amebeba mali wakati wa kwenda na fedha wakati wa kurudi. Akiporwa njiani, nani amepoteza? Kwa kawaida hakuna aliyelisema hilo kabla hajawasha pikipiki, kwa hiyo hasara humwangukia aliye mnyonge zaidi, na mara nyingi ni yeye.

Mizigo inayotoka Kampala, Uganda, ina shida kubwa kuliko hiyo. Inapita Gulu, inavuka mpaka kati ya Elegu na Nimule, kisha kilomita 192 za lami iliyokamilika mwaka 2012 hadi Juba. Lami ipo, usalama haupo. Agosti 2021 basi lilishambuliwa katika njia hiyo, watu wakauawa, wakiwemo masista wawili wa Kanisa Katoliki. Mwaka huohuo madereva wa malori waligoma mpakani kwa sababu ya mauaji ya wenzao. Mwenye kuamuru kwamba kila kifurushi kipite kwa mchukuzi mmoja anaamuru pia damu ya nani iwekwe hatarini, na hilo haliandikwi kwenye kanuni za soko lolote.

Ndiyo maana nasema sheria isimchagulie muuzaji mdogo mchukuzi. Ilazimishe stakabadhi: mzigo gani, umekabidhiwa nani, saa ngapi, na ukipotea nani analipa. Sheria hiyo iandikwe kwa Kiarabu cha Juba, na vyama vya bodaboda viwepo inapotungwa. Kwa simu na kompyuta ningekubali sharti kali zaidi, kwa kuwa thamani yake inazidi uwezo wa yeyote kati ya muuzaji, mteja na kijana wa bodaboda kuifidia. Kwa vitenge, viatu na vitabu vya mitumba, stakabadhi hiyo, yenye sahihi ya anayekabidhi na ya anayepokea mzigo, inatosha kuanzia.