Mtumishi wa Mungu, Mwajiriwa wa Kanisa
(Mada iliyotolewa katika semina ya Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika)



Ni heshima kubwa kwangu kusimama mbele yenu katika juma hili la kumshukuru Mungu kwa miaka 100 ya Usharika wetu. Walionitangulia wamewataja kwa shukrani waliotuletea Injili na waliojenga hekalu hili. Mimi nimeombwa niseme juu ya wale wanaolipwa na Kanisa: wachungaji, wainjilisti, walimu wa shule ya awali, mhasibu, mlinzi. Katika lugha yetu wote hao tunawaita watumishi. Neno hilo ni zuri, lakini limebeba mambo mawili. Mtumishi ni mtu aliyeitwa na Mungu. Mtumishi pia ni mtu aliyeajiriwa na mwenye haki mbele ya sheria. Je, mambo hayo mawili yakigongana, nani aamue?

Swali hilo lilifika mahakamani nchini Marekani, nalo lilitoka katika nyumba ya Walutheri wenzetu. Usharika wa Hosanna-Tabor, ulioko Redford katika jimbo la Michigan, ulikuwa na shule. Mmoja wa walimu wake alikuwa amepewa wito rasmi na usharika na kuhesabiwa mhudumu wa Kanisa. Alifundisha masomo ya kawaida, na pia somo la dini, na kuwaongoza watoto katika sala. Mwaka 2004 aliugua ugonjwa unaomfanya mtu apatwe na usingizi mzito wa ghafla, akapewa likizo. Januari 2005 alitoa taarifa kuwa angeweza kurudi kazini mwezi uliofuata, akajibiwa kuwa nafasi yake imekwisha kujazwa. Usharika ulimwomba ajiuzulu kwa ahadi ya kumlipia sehemu ya bima ya afya. Alikataa, akafika shuleni, na baadaye akasema kuwa angedai haki yake kisheria. Aprili 2005 washarika walipiga kura kumwondolea wito. Sababu walizotoa zilikuwa utovu wa nidhamu na tishio lake la kwenda mahakamani, kwa kuwa Sinodi yao inafundisha kwamba Wakristo wamalize magomvi yao ndani ya Kanisa, kama Mtume Paulo alivyowaonya Wakorintho.

Tume ya serikali inayosimamia usawa katika ajira ilifungua kesi, ikidai kuwa mwalimu huyo aliadhibiwa kwa kudai haki aliyopewa na sheria ya mwaka 1990 ya kuwalinda wenye ulemavu. Tarehe 11 Januari 2012 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu Kabisa, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu John Roberts, waliupa Usharika ushindi. Walisema kuwa Katiba yao hairuhusu serikali kulipangia Kanisa nani awe mhudumu wake. Kwamba kazi zake za kidini zilichukua kama dakika 45 tu kwa siku hakukubadili neno. Tarehe 8 Julai 2020, kwa kura 7 dhidi ya 2, Mahakama hiyo ilipanua kinga hiyo kwa walimu wa shule mbili za Kikatoliki huko California, ambao hawakuwa na cheo cha uhudumu. Mmoja alilalamika kuwa ameondolewa kwa sababu ya umri, mwingine kwa sababu ya kuugua saratani.

Ndugu zangu, naona hukumu ya 2012 ina msingi. Siku serikali itakapotuchagulia mchungaji, madhabahu haitakuwa yetu tena. Lakini tusikie vizuri kilichosemwa. Mahakama haikutamka kuwa Usharika ule ulimtendea mwalimu wake haki. Ilitamka kuwa si kazi yake kuamua jambo hilo. Jaji akiondoka, hukumu inabaki mikononi mwetu, na mbele ya Mungu.

Nasema haya nikijihukumu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mjumbe wa baraza mahali pengine, tulimpumzisha mwinjilisti aliyepooza mkono na mguu. Tulimwombea, tukamkabidhi kanga na blanketi, tukamwambia kuwa thawabu yake iko mbinguni. Hakuwa na mkataba wala akiba ya uzeeni, wala hakuna aliyemwita aseme lake. Siku ile sikuona kosa. Leo naliona.

Hapa kwetu, ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Papo hapo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi kama dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, VVU na umri. Sheria hiyo imeyaweka majeshi kando, makanisa haikuyataja. Inakubali pia kumteua mtu kwa sifa ambayo kazi yenyewe inaidai. Mwinjilisti lazima aamini anachohubiri. Je, fundi wa gari la Usharika naye?

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu tunapoanza karne ya pili. Kwanza, kila anayelipwa awe na mkataba, na uandikwe wazi kama kazi yake inadai imani yetu, na kwa nini. Pili, mtumishi mgonjwa au mjamzito asiamuliwe jambo kabla ya kusikilizwa, na michango yake ya hifadhi ya jamii ipelekwe kwa wakati. Tatu, tuwe na kamati ya usuluhishi ambayo wajumbe wake si wale waliotoa uamuzi wa kwanza. Paulo hakuishia kuwakataza Wakorintho. Aliwauliza pia kama kweli walikosa mwenye hekima wa kuamua kati yao. Tukimkataza mtumishi asiende nje, tumjengee baraza la haki ndani. Na asiporidhika akaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, tusimwite mwasi.

Uhuru wa Kanisa ni zawadi tuliyopewa ili tutende haki bila kusukumwa na askari. Mungu aubariki Usharika wetu na watumishi wake wote.