Dawa Ghali na Mshahara Wetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tulipotakiwa kusema katika mkutano huu tuliambiwa tuchague jambo lo lote lenye faida kwa watumishi. Hatukutafuta mbali. Jambo lenyewe lilikuwa juu ya meza yetu ya kazi, nalo ni daftari la mchango, lililopita chumba hata chumba, kila mtu akitia sahihi na kiasi alichoweza. Mwenzetu amepooza upande mmoja wa mwili, na fedha zatakiwa.

Mwenzetu huyo alijua kwa miaka mitatu kwamba ana shinikizo la damu. Daktari alimwandikia dawa ya kumeza kila siku. Bei ya kasha moja ilimzidi nguvu, kwa kuwa ana watoto shuleni na mama mzee nyumbani. Akaanza kumeza siku moja na kuacha siku ya pili, ili kasha la mwezi mmoja limfikishe miezi miwili. Hakutuambia, wala sisi hatukumwuliza. Aliona haya, maana karani avaaye tai hudhaniwa kuwa ana fedha. Baada ya kuugua ndipo tulipopata habari kwamba dawa ile ile yauzwa kwa jina lingine, kwa bei ambayo angaliimudu bila kukopa.

Hapa tunaomba ruhusa tueleze kidogo habari ya majina. Dawa ina majina mawili. Moja ni la biashara, alilolitunga mwenye kiwanda, nalo huandikwa kwa herufi kubwa juu ya kasha. La pili ni jina la dawa yenyewe, nalo mara nyingi huandikwa chini kwa herufi ndogo: amlodipini, metformini, na mfano wa hayo. Mwenye kuvumbua dawa hupewa hataza, yaani haki ya kuiuza peke yake, kwa kawaida miaka 20 tangu siku alipoiomba. Muda ukiisha viwanda vingine vyaweza kuitengeneza, navyo hushindana, na bei hushuka.

Tusidhani kushuka huko ni kwa senti chache. Mwaka 2000 dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilikuwa na bei ya zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Februari 2001 kiwanda cha Cipla cha India kilitangaza kwamba kitaliuzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka.

Basi mwanachama akiwa mbele ya daktari na aulize kwa adabu, "Je, Daktari, dawa hii yapatikana kwa jina lake lenyewe?" Daktari mwema hachukii. Lakini asiibadilishe kwa akili yake mwenyewe, maana ziko dawa, kama zile za kifafa, ambazo hutaka uangalizi hata jina la kiwanda likibadilika. Wala asimwendee mchuuzi wa stendi kwa sababu ya urahisi. Dawa iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na duka liwe na kibali.

Tena kuna bima. Twakatwa asilimia 3 ya mshahara, na Serikali kama mwajiri huongeza asilimia 3 nyingine, kwa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1999. Twanung'unika siku ya mshahara, kisha kadi twaifungia sandukuni! Mfuko humruhusu mwanachama kumwandikisha mwenzi wake na wategemezi wanne. Walakini katika ofisi yetu wenyewe tumewakuta watu ambao hawajaandikisha hata mzazi mmoja. Ni kweli kwamba Mfuko hulipia dawa zilizo katika orodha yake tu. Ikiandikwa isiyomo, dirishani utaambiwa ulipe taslimu. Kwa hiyo ulizeni mkingali ndani ya chumba cha daktari kama dawa imo, na kama haimo, kama iko iliyomo ifaayo badala yake. Mkiisha kufika dirishani mmechelewa.

Zinabaki zile zisizomo wala hazina mbadala, na hizi mtu mmoja hawezi. Chama chetu kina mfuko wa mazishi, nao haujapungukiwa hata mara moja. Sanda twaichangia kabla haijatakiwa. Dawa twaingoja mpaka daftari lipite. Twapendekeza sehemu moja katika tano ya ada itengwe iwe mkopo wa dawa bila riba, ulipwe na Mweka Hazina moja kwa moja dukani kwa kuonyesha cheti cha daktari, na mkopaji aurudishe kwa miezi sita. Wako watakaosema kwamba wengine hawatalipa. Yamkini. Lakini fedha za mazishi hazirudishwi na mtu ye yote, wala hatujasikia malalamiko.

Twamwomba Bwana Katibu aiandike hoja hii, ipigiwe kura kabla ya mkutano kufungwa. Na katika mkutano ujao kila mmoja aje na kasha la dawa anayotumia yeye au mzee wake. Tutamwalika mfamasia aketi nasi, atusomee zile herufi ndogo.