Daftari la Zahanati ya Chuo



Mwaka 1861 Dakta Edward Hitchcock alishika kazi ya kulinda afya ya wanafunzi wa Amherst College, huko Massachusetts, Marekani. Kwa miaka 50, hadi alipofariki mwaka 1911, aliwapima urefu, uzito na nguvu za mwili, na kuweka hesabu ya waliougua.

Kazi hiyo ingali na maana. Lakini daftari la zahanati humhesabu aliyefika tu. Halimhesabu aliyebaki bwenini na homa yake, wala aliyekimbilia duka la dawa kwa kuogopa kuonekana. Wagonjwa wakiwa wachache daftarini, si lazima wanafunzi wawe wazima. Huenda hawaiamini zahanati yao. Mwaka 2000 Chama cha Afya Vyuoni cha Marekani kilianzisha uchunguzi unaowauliza wanafunzi wenyewe, pasipo kuandika majina.

Basi mkuu wa chuo na apewe hesabu, asipewe majina. Hesabu humwezesha kudai dawa, waganga na vitanda. Majina yakitoka nje humfukuza mgonjwa. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na habari za afya zimo ndani yake. Hata hivyo, sheria haiwezi kuirudisha siri iliyokwisha kutamkwa dirishani mbele ya foleni. Mlinzi wa kwanza wa siri hiyo ni karani anayelifunga daftari lake.