Nauli na Haki ya Mtu wa Kusini



Nauli ni jambo tunalolinung'unikia kituoni, kisha tunalipa na kupanda. Leo nawaombeni tulitazame kama suala la haki.

Mwaka 1983, Serikali iliporuhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria Dar es Salaam, nauli ilikuwa shilingi tano, yaani "dala" moja. Ndipo likazaliwa jina daladala. Mwezi Desemba 2023 nauli ya daladala kwa umbali usiozidi kilomita 10 ilipandishwa kutoka shilingi 500 hadi 600. Mafuta yamepanda, shilingi imepungua thamani, na mwenye gari naye ana watoto. Kwa hilo sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni huu. Nauli za mikoani hukokotolewa kwa kilomita. Mwaka 2013, SUMATRA ilipotangaza viwango vipya, abiria wa basi la kawaida katika barabara ya lami alipangiwa shilingi 36.89 kwa kilomita. Katika barabara ya vumbi, shilingi 46.11. Aliyekula vumbi alilipa robo zaidi! Hesabu ya mwenye basi inaeleweka, kwani springi na matairi huisha upesi. Lakini mkulima wa korosho wa Tandahimba au Newala hakuichagua barabara ile.

Sisi wa Kusini twalijua jambo hili tangu zamani. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, tulivuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, na masika yalipoifunga njia, basi lililala porini siku kadhaa. Chakula cha siku hizo hakikuandikwa kwenye tiketi. Wengine walingoja meli.

Na leo, katika vijiji vya karibu na mlango wa Ruvuma, mwenye kuhitaji bodaboda hukubaliana bei na dereva. Usiku, mgonjwa akihitaji kufikishwa Ligula, nani atabishana?

Kwa hiyo naomba kila jumuiya iteue mtu wa kuandika njia, tarehe na nauli iliyolipwa, na kila msafiri wa basi adai tiketi. LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, hukusanya maoni ya wadau kabla ya kubadili nauli. Tuanze na njia ya Newala na ile ya Msimbati. Madaftari yaletwe parokiani kabla ya msimu wa korosho.