Mpira wa Lami katika Njia ya Vumbi



Tumeombwa kusema machache juu ya baisikeli. Chombo hiki mwakijua nyote, basi hatutasema habari zake zote, ila habari ya mipira yake. Na katika hiyo mipira tutashika swali moja tu. Mtu ana mipira ya barabara, yaani myembamba, yenye meno madogo madogo. Siku nyingi hupita katika lami, bali mara moja moja, labda siku ya gulio au ya msiba, hana budi kuiacha lami na kushika njia ya udongo. Je, imempasa kununua mipira mingine, minene, yenye kashata kubwa? Sisi twasema haikumpasa. Mipira aliyo nayo yatosha, kwa sharti ajue mambo matatu: kiasi cha upepo, mpira upi ukae mbele, na mahali pa kushuka.

Kwanza na tuziangalie njia zetu. Ile njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora hata Ujiji, haikuwa barabara pana. Ilikuwa njia ya miguu, na wapagazi walifuatana mmoja nyuma ya mwenziwe. Burton na Speke walipofika Kaze, karibu na Tabora, mwezi wa Novemba 1857, walifika kwa njia ya namna hiyo. Mizigo ilichukuliwa vichwani na mabegani, maana katika sehemu nyingi mbung'o waliwaua ng'ombe na punda. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, kazi ya misafara ilikwisha. Lakini vijia vya miguu havikwisha. Hata leo, ambapo lami yatoka Tabora hadi Nzega, ukiiacha kidogo waingia katika kijia cha mtu mmoja. Hapo baisikeli yafaa sana: haiumwi na mbung'o ikafa, wala haitaki njia pana kupita ile ya mpagazi.

Sasa habari ya upepo. Mwaka 1888, huko Belfast, John Boyd Dunlop alimtengenezea mwanawe mipira ya upepo kwa baisikeli yake ndogo ya magurudumu matatu, ili mtoto asitikiswe na njia mbovu. Angalieni basi: upepo uliwekwa ndani ya mpira kwa ajili ya njia mbaya, si kwa ajili ya njia njema.

Penye lami, mpira mgumu huenda kwa wepesi. Penye mchanga, mpira uo huo hukata kama kisu, gurudumu likazama, na mpandaji akashuka kusukuma. Ukipunguza upepo kidogo, mpira hutandaza unyayo wake, uzito ukaenea mahali papana zaidi, nao hauzami upesi. Penye mawe madogo vile vile, hauruki ruki, bali hushika chini. Walakini kuna mpaka. Ukipunguza mno, rimu hugonga jiwe, na mpira wa ndani hubanwa ukatoboka matundu mawili, kama alama ya meno ya nyoka. Kadhalika mbavu za mpira wa nje hukunjwa kunjwa hata zikafanya nyufa. Na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Asiye na kipimo apande baisikeli yake pamoja na mzigo wake, na mwenziwe atazame chini. Mpira ubonyee kidogo, lakini rimu isikaribie ardhi. Mwenye gunia la mahindi nyuma asipunguze upepo wa nyuma. Apunguze wa mbele tu, tena kidogo. Na arudipo penye lami, ajaze tena. Kwa hiyo pampu ni sehemu ya safari, isiachwe nyumbani.

Jambo la pili ni mpira wa mbele. Wengi wetu, mpira wa nyuma ukiisha meno, huuhamisha mbele, na ule mpya huuweka nyuma, wakisema, "Nyuma ndiko kwenye mzigo." Shauri hili laonekana jema, lakini lina hatari. Gurudumu la nyuma likiteleza, mara nyingi mtu huwahi kuweka mguu chini. La mbele likiteleza, usukani humponyoka, naye huanguka kabla hajajua limpatalo. Katika lami kavu kipara hakidhuru sana. Katika udongo uliolegea chaua. Mwenye kumpeleka mgonjwa zahanati, au mama mwenye mimba, na aliangalie neno hili kwanza kuliko yote. Aliyeketi nyuma hana usukani wala breki. Uhai wake umo mikononi mwa mwenye kuendesha.

Jambo la tatu ni kujua udongo na mahali pa kushuka. Penye mchanga, shika usukani sawa, usiukate kwa ghafula, na miguu iendelee bila kusita. Penye changarawe, punguza mwendo kabla ya kufika penye kona, si ndani ya kona, wala usibane breki ya mbele kwa nguvu. Penye mbuga ya udongo mweusi, wakati wa mvua, usishindane nayo. Udongo ule hunata, hujaa kati ya mpira na madigadi, hata gurudumu likakwama kabisa. Na mpira mnene haushindi kuliko mwembamba. Tena rimu zikilowa, breki hukawia kushika. Hapo shuka, au zunguka kwa juu penye ardhi ngumu. Wala si aibu. Mwaka 1871, njia ya Ujiji ilipofungwa kwa vita vya Mtemi Mirambo, Stanley aliyekuwa Kwihara alizunguka kwa upande wa kusini, naye alifika.

Tusisahau miiba ya migunga. Ukitoka katika kijia, simama, zungusha magurudumu, na uutoe mwiba ungali juu juu haujapenya. Ukiwa umekwisha kutoboka, kabla ya kurudisha mpira wa ndani uliotiwa kiraka, pitisha vidole polepole ndani ya mpira wa nje. Mwiba uliobaki humo hutoboa tena, na kiraka na gundi vyote vikapotea bure.

Labda mtu atauliza, "Kwa nini nisinunue tu mipira ya kashata kubwa, nikaacha kufikiri?" Tutamjibu. Mipira hiyo ni mizito penye lami, ambapo ndipo apitapo siku nyingi, na meno yake huliwa upesi hapo. Tena baisikeli nyingi za kubebea mizigo zimefanywa kwa mpira wa 28 kwa 1½. Mpira mnene husugua madigadi au fremu. Na asomaye namba azisome zote. Mpira wa 26 kwa 1⅜ na wa 26 kwa 1.75 yote huitwa "ishirini na sita", lakini mmoja hauingii katika rimu ya mwingine. Wako waliolipa fedha zao dukani, wakafika nyumbani wakakuta wamenunua kitu cha kutundika ukutani.

Basi, walimu, twawaomba muwaonyeshe wanafunzi jambo hili kwa baisikeli yenyewe, kwa kuwa mtoto akiona kwa macho hasahau. Nanyi wazee, kijana akija kuazima baisikeli ya kumpeleka mgonjwa, mtazameni mpira wake wa mbele kabla ya kumruhusu kuondoka. Wapagazi wa zamani walifika pwani kwa kuijua njia, si kwa kuwa na viatu vizuri. Mwenda pole hajikwai.