Nyumba ya Matofali ya Gondokoro



Ng'ambo ya mto, upande wa mashariki, karibu na mji wa Juba, pana mahali paitwapo Gondokoro. Hapo palisimama zamani nyumba ya matofali, nayo haikuishi miaka ishirini. Walakini waliokaa ndani yake, na waliokaa kivulini mwake, ni watu wa dini na mataifa mengi, na khabari zao zinawahusu watu wa mji huu, Waislamu wakiwamo.

Kabla ya nyumba palikuwa na wenye ardhi, nao ni Wabari, watu wa ng'ombe na wa kufua chuma. Mnamo 1841 zilifika mashua za Misri chini ya Salim Qabudan, aliyetumwa na Muhammad Ali Pasha kutafuta asili ya mto Nili. Kusini mwa hapo mto una majabali na maporomoko. Kwa hiyo Gondokoro ikawa ukomo wa safari za mashua, na jambo hilo ndilo lililowavuta wageni wote waliofuata.

Mwaka 1853 padre mmoja Mslovenia, Ignacij Knoblehar, ambaye watu wa Khartoum walimwita Abuna Suleiman, alianzisha misheni hapo chini ya himaya ya Austria. Ikajengwa nyumba na kanisa, ikapandwa bustani ya milimau na mindimu. Homa ikawamaliza mapadre mmoja baada ya mmoja. Knoblehar mwenyewe alifia Naples mwaka 1858. Mwaka uliofuata mvua zilikatika, na Nyigilo, mkubwa wa Wabari aliyewajua sana mapadre hao, akauawa na watu wake kwa kuwa mvua ilikuwa dhamana ya ukoo wake. Mnamo 1860 misheni ikafungwa. Kilichosalia ni maandishi: sarufi ya lugha ya Kibari, iliyotungwa na Mitterrutzner kwa kufuata kazi ya mapadre, ilipigwa chapa mwaka 1867. Ni kazi ya kusifiwa, na atakayekataa kuisifu kwa sababu ni ya mapadre hana insafu.

Wenye hati walipoondoka wakaja wasio na hati. Hao ni wafanyi biashara wa Khartoum, watu wa pembe za ndovu, Wamalta na Wafaransa pamoja na Waarabu na Waturuki. Hawakuitengeneza nyumba. Walipiga vibanda vya nyasi karibu na magofu yake, wakakaa kama miezi miwili kila mwaka mpaka mashua zirudi kaskazini, kisha mahali pakawa patupu. Pamoja na pembe walichukua watu. Samuel Baker, aliyefika Februari 1863, aliandika kwamba mateka walikuwapo kambini na wakafichwa asiwaone.

Jambo hili halifai kupitwa upesi upesi. Wengi katika waliokuwa na minyororo ile waliitwa kwa majina ya Kiislamu, na bila shaka walisali. Dini iliyofanya kumwacha huru mtumwa kuwa ibada, tena kafara ya dhambi, walikuwa nayo midomoni, ilhali mikononi walikuwa na kamba. Kusema kwamba Wamalta na Wafaransa nao walifanya hivyo ni kweli, lakini si udhuru. Mzee wa Kibari anapomtazama mwenye kanzu kwa shaka, shaka hiyo ina asili yake.

Mwezi huo huo wa Februari 1863 walitokea Speke na Grant, waliotoka Unguja kwa miguu. Pamoja nao walikuwa wachukuzi na askari wasemao Kiswahili, na mkubwa wao mmoja akiitwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni akauzwa hata Bara Hindi. Basi huyu, aliyeonja utumwa kisha akapata uhuru wake, naye alilala Gondokoro kando ya kambi ile. Vitabu vya safari vimeeleza mengi ya mabwana zake. Aliyoyawaza yeye usiku ule hakuna aliyemwuliza.

Baker alirudi mwaka 1871 na jeshi la Misri, akiamriwa na Khedivu Ismail kukomesha biashara ya watumwa. Akapandisha bendera, akapaita mahali hapo Ismailia. Wabari walipokataa kuwapa askari ng'ombe na nafaka, vitu hivyo vikachukuliwa kwa nguvu; hivyo mwenye kuja kuwakomboa alianza kwa kuwanyang'anya. Akaitazama nyumba ya misheni, asiikute. Wabari walikuwa wameibomoa, wakayasaga matofali yakawa unga mwekundu, wakauchanganya na mafuta, wakajipaka miilini. Baker aliona ni ushenzi. Lakini udongo ule ulikuwa wa nani?

Mwaka 1874 Gordon alihamisha makao ya serikali mpaka Lado, kwa kuwa Gondokoro ilikuwa na maradhi. Baadaye Waingereza wa Uganda walipafanya kituo chao, na Roosevelt, aliyepata kuwa rais wa Marekani, alipita hapo mwaka 1910 mwishoni mwa safari yake ya kuwinda. Mwaka 1914 pakatiwa katika Sudan. Katika miaka ya 1920 serikali ikaanza kujenga mji mpya upande wa pili wa mto, ukaitwa Juba. Wakaja maduka, misikiti na makanisa, juu ya ardhi ya Wabari wale wale.